Mbwa wa kilo nne uwanjani: aanze na rali au ajiliti?

Swali: Ninaishi Ohio, Marekani. Nina mbwa jike, chotara wa chihuahua na terrier, niliyemchukua kwenye kituo cha mbwa waliotelekezwa. Anaitwa Pilipili. Ana miaka 5, uzito wa kilo 4, na urefu wa sentimita 24 kutoka chini hadi begani. Nimeanza kumpeleka darasa la ajiliti. Anapenda handaki na viunzi, lakini ule ubao unaobembea ulimshtua na sasa hataki hata kuusogelea. Mwalimu anasema nimbebe nimweke juu yake mpaka azoee. Nikitembea naye kushoto kwangu, ama anabaki nyuma ama anatembea mbali na mguu. Ndugu zangu wananiambia mbwa wa kubebwa hana lake kwenye mashindano. Je, kweli anaweza? Nianze na ajiliti au rali? Na umri wake haujapita?

Jibu: Dada yangu, anaweza, tena nasema hivyo bila kusita. Mei 2024, fainali ya ajiliti ya maonyesho ya mbwa ya Westminster kule New York ilichukuliwa na Nimble, chotara wa border collie (mbwa mwepesi wa kuchunga kondoo) na papillon (mbwa mdogo), aliyetoka kundi linaloruka viunzi vya inchi 12, yaani sentimita 30 hivi. Alimaliza chini ya sekunde 30 na kuwaacha mbwa wakubwa ambao ushindi wa mashindano hayo ulizoeleka kuwa wao. Yalikuwa yanafanyika tangu 2014 na hakuna chotara aliyewahi kuyashinda kabla yake. Waonyeshe ndugu zako video yake, kisha turudi kwa Pilipili, ambaye ni mdogo zaidi ya Nimble na ana mambo yake.

Kwa wasomaji wengine wasioijua michezo hii: ajiliti ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1978, kwenye onyesho la mbwa la Crufts mjini London, ili kuwaburudisha watu kati ya shughuli mbili. Wazo lilitokana na mashindano ya farasi ya kuruka viunzi. Mbwa hukimbia bila kamba katika njia iliyopangwa na mwamuzi: viunzi, mahandaki, nguzo za kupenyapenya, kilima cha mbao, daraja jembamba, na huo ubao unaobembea. Mwenye mbwa hukimbia naye akimwelekeza kwa mwili na sauti, haruhusiwi kumgusa wala kugusa kifaa. Saa inahesabu, na makosa yanahesabiwa.

Rali ni mdogo wake kwa umri. Iliasisiwa na Mmarekani Charles Kramer, na klabu ya American Kennel Club, AKC, ilianza kuitolea vyeo mwaka 2005. Kama dereva wa rali ya magari anavyofuata alama za njia, wewe na mbwa mnafuata vibao vyenye namba. Kila kibao kina kazi yake: simama na mbwa akae, geuka nyuzi 270 kulia, zunguka koni, enda polepole, enda mbio, mwite mbwa aje mbele yako. Mnaanza na pointi 100, mwamuzi anapunguza kila anapoona kosa, na ukibaki na 70 umefuzu. Ukifuzu mara 3 chini ya waamuzi wasiopungua 2, mbwa anapata cheo cha ngazi hiyo. Muda hupimwa, lakini hutumika tu pale wawili wanapofungana pointi. Na unaruhusiwa kuongea na mbwa wako mwanzo hadi mwisho, kumsifu, kumchangamsha. Hapo tayari unaona kwa nini mchezo huu unawafaa mbwa wenye miguu mifupi.

Jambo la kwanza la kujua ni vipimo, kwa sababu nchi unayoishi inabadilisha kila kitu. Kwa AKC, mbwa asiyezidi inchi 11 begani, kama Pilipili, anaruka inchi 8 katika ajiliti, yaani sentimita 20. Ukimwandikisha kundi liitwalo Preferred, ataruka inchi 4 tu. Katika rali, mbwa aliye chini ya inchi 10 anaruka inchi 4, na ngazi mbili za mwanzo, Novice na Intermediate, hazina kiunzi hata kimoja. Sasa linganisha na Ulaya. Shirika la kimataifa la mbwa, FCI, linaweka mbwa wote walio chini ya sentimita 35 katika kundi moja, na ufito wao unawekwa kati ya sentimita 25 na 30. Maana yake Pilipili angeruka kitu kilicho juu ya bega lake mwenyewe, akishindana na mbwa wa sentimita 34. Uingereza nako kundi dogo huruka sentimita 30. Kwa hiyo Mswahili mwenzetu aliyeko Berlin au Birmingham mwenye mbwa wa kimo hiki asininukuu vibaya: huko ningemshauri abaki na rali, au atafute mashirika yenye viunzi vya chini zaidi. Wewe Ohio una bahati.

Jibu langu kwa swali lako kuu, basi, ni hili: shindana rali kwanza, mwaka huu huu. Ajiliti endelea nayo kama mazoezi, ubao unaobembea ukiwekwa kando mpaka uwe umefundishwa upya. Na hata ukiwa tayari kushindana ajiliti, huhitaji kuusubiri ubao. AKC ina shindano liitwalo Jumpers With Weaves, lenye viunzi, mahandaki na nguzo tu, hakuna ubao, hakuna daraja, hakuna kilima. Mbwa anayependa viunzi na handaki hapo ndipo nyumbani kwake.

Lakini nikisoma barua yako naona kwamba kubaki nyuma, kutembea mbali na mguu, na hofu ya ubao ni tatizo moja. Karibu kila kitu katika michezo hii kimepangwa kwa macho ya mtu mzima aliyesimama wima, na mbwa wako anaishi sentimita 24 kutoka ardhini. Mbwa mdogo hashindwi sana na vizuizi. Anashindwa na namna tunavyosimama juu yake, tunavyomlisha kutoka juu, na tunavyomchukua bila kumuuliza. Ukirekebisha hayo, utashangaa jinsi mengine yanavyokaa sawa yenyewe.

Tuanze na kutembea, kwa sababu rali karibu yote ni kutembea. Jaribu kupiga magoti sakafuni, shavu lako likaribie usawa wa kichwa chake, umwambie mtu mwingine atembee karibu nawe kwa mwendo wa kawaida. Utaona kiatu kinachopita karibu na uso, goti linaloyumba, pindo la nguo linalopepea. Kisha ukitaka kuuona uso wa mtu huyo, utalazimika ama kusogea pembeni ama kurudi nyuma. Ndicho anachofanya Pilipili. Anajiweka mahali anapoweza kukuona bila kukanyagwa, na hilo wala si ukaidi.

Kwa hiyo usimlishe kutoka mkono ulio kiunoni. Kila kipande cha chakula unachomnyooshea kutoka juu kinamfundisha kutazama juu, na ili atazame juu lazima ajitenge na mguu. Chakula kitokee pale unapotaka kichwa chake kiwe: pembeni mwa kifundo cha mguu wako wa kushoto, usawa wa pua yake. Usijikunje mgongo siku nzima kwa ajili hiyo. Chukua mwiko mrefu wa mbao, paka ncha yake jibini laini au siagi ya karanga, ushushe ubavuni mwa mguu, atembee hatua 2 akilamba, uuinue. Siagi hiyo hakikisha haina zailitoli, sukari mbadala iliyo sumu kali kwa mbwa. Soma kibandiko kabla ya kununua. Siku zinavyokwenda, hatua zinaongezeka na mwiko unaonekana kwa nadra. Lazima ufike mahali pa kutouhitaji, maana AKC hairuhusu chakula ndani ya uwanja wa rali. Mimi napenda kuificha zawadi mahali, labda juu ya kiti nje ya eneo la mazoezi, tufanye vibao 3 au 4 kisha tukimbie wote kwenda kuichukua. Mbwa anajifunza kwamba chakula kipo, ila hakipo mkononi.

Miguu yako nayo ifanyiwe kazi. Tembea hatua fupi, za haraka kidogo, zenye mwendo mmoja. Watu wengi wakiwa na mbwa mdogo hupunguza kasi kwa huruma, na hapo ndipo mbwa anapochoka kusubiri na kuanza kunusa sakafu. Mbwa mdogo akichangamka hutembea kwa mwendo wa mchakamchaka, na mwendo huo unataka binadamu anayeenda kama ana anakofika. Vaa viatu laini visivyo na kishindo. Kama unavaa gauni refu, sketi pana au dera, lipandishe mpaka juu ya kifundo, kwa sababu pindo linalompiga usoni kila hatua litamsukuma mbali hata ukimpa nyama choma. Wapo wanaoshindana kwa sketi ndefu bila shida yoyote, ila mbwa wamezoezwa nayo tangu mwanzo. Usifanye mazoezi kwa suruali kisha siku ya mashindano ukaja na gauni.

Kugeuka kushoto ndiko kunakowaumiza zaidi. Ukigeuka kushoto unaingia kwenye nafasi yake, na mbwa wa kilo 4 anayeona goti likimjia hufanya jambo la akili: anakimbia. Mfundishe kuzungusha makalio. Tafuta kitabu kinene, kifunge vizuri kwa mkanda, aweke miguu ya mbele juu yake, wewe umzunguke taratibu, naye azungushe miguu ya nyuma kukufuata. Mbwa wengi hawajui kama wana miguu ya nyuma mpaka wafundishwe hivi. Akishajua, kugeuka kushoto kunakuwa mchezo anaoupenda, kwa sababu sasa anajua pa kuuweka mwili wake wote, mbele na nyuma.

Vibao vingine vinavyomtofautisha mbwa mdogo nivitaje haraka. Kile cha kuzunguka koni kwa duara, mbwa akiwa upande wa nje, kinamlazimu apige hatua nyingi mno kuliko wewe, basi punguza upana wa duara lako, usipunguze mwendo. Kibao cha kulala chini kinategemea sakafu: mbwa mwenye manyoya mafupi na tumbo jembamba hataki kulala kwenye saruji baridi ya Januari, na ukimlazimisha utapoteza pia ukaaji wake mzuri. Mzoeze juu ya mpira, zulia, nyasi zilizokatwa, saruji, kila mahali kwa kipande kizuri cha nyama. Na kamba iwe nyepesi, yenye kifungio kidogo. Vile vifungio vikubwa vya chuma ni mzigo shingoni mwake, na katika Novice kamba ikikazika unakatwa pointi. Mazoezini mvalishe mkanda wa kifua badala ya kumvuta shingo. Mbwa wa jamii ya chihuahua wana udhaifu wa koo la hewa kulegea, na kuvutwa shingo kunauchochea.

Sasa ubao unaobembea. Naomba unisikilize kwa makini hapa, dada, na kwa heshima yote kwa mwalimu wako: usimbebe ukamweke juu. Mwalimu huyo bila shaka anakutakia mema, na kwa mbwa wa kilo 25 aliyezoea kujaribu mambo huenda angepona. Lakini hebu tuutazame ubao wenyewe. Una urefu wa mita 3.6 hivi na upana wa sentimita 30, na katikati umeinuliwa kiasi cha sentimita 60. Maana yake ncha inayosubiri kushuka iko sentimita 120 hewani, mara 5 ya kimo cha Pilipili. Mbwa mzito akivuka tu katikati, ubao unaanza kushuka. Mbwa mwepesi lazima aendelee kupanda, asogee mbele zaidi, ndipo uzito wake uushinde ubao, na unaposhuka hushuka taratibu kwanza, kisha unapiga ardhi kwa kishindo huku yeye akiwa karibu kabisa na ncha. Sheria za FCI zenyewe zinajua tatizo hili: ukiweka kilo 1 katikati ya sehemu ya kugusia (ile ambayo mbwa lazima aikanyage) upande wa kushuka, ubao unatakiwa ufike chini ndani ya sekunde 2 hadi 3. Sekunde hizo ni ndefu kwa mnyama aliyesimama juu ya kitu kinachoondoka chini ya miguu yake. Na akiruka kabla ubao haujagusa ardhi, ni kosa.

Ukimbeba na kumweka pale juu, umemnyima kitu pekee kinachoondoa hofu, nacho ni uwezo wa kuondoka. Kinachofuata ni mbwa anayeganda. Watu humwona ametulia wakadhani amezoea.

Anza upya, mbali na ubao wa darasani. Nyumbani, laza ubao wa kawaida sakafuni, weka taulo lililokunjwa chini yake katikati ili uyumbe kwa kiasi cha kidole. Kila anapouyumbisha mwenyewe kwa mguu mmoja, msifu na umpe kipande. Hapo unamfundisha kwamba mwendo wa ubao unatoka kwake, kwamba yeye ndiye anayeufanya usogee. Usiharakishe hatua hii. Kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Akishaupenda, mfundishe kelele. Darasani, omba ncha moja ya ubao ishushwe mpaka iwe sentimita 5 kutoka chini, tandika godoro jembamba chini yake, umwache aikanyage kwa miguu ya mbele ili igonge godoro. Zawadi. Tena. Kisha zulia badala ya godoro, kisha sakafu tupu, kisha sentimita 10. Wakati huohuo, kaa naye mbali wakati mbwa wengine wanapita kwenye ubao wao, na kila kishindo kikisikika mpe nyama. Mwache ajifunze kwamba sauti ile inaleta chakula.

Baadaye weka meza imara chini ya kila ncha, ili ubao ushuke kidogo tu pande zote, umtembeze mpaka mwisho kabisa na alishwe pale pale, kwenye ncha, mpaka wewe umruhusu kushuka. Mbwa mdogo anapaswa kuamini kwamba ncha ndiyo mahali salama na penye neema. Ukimlisha katikati atasimama katikati, na katikati ndipo ubao hauamui upande. Teremsha meza kidogo kidogo. Siku akisita, rudi hatua mbili nyuma bila maneno. Mbwa wengine humaliza njia hii kwa wiki chache, wengine miezi, na mbwa aliyekwisha kushtuka huchukua muda zaidi ya asiyejua kitu. Mwonyeshe mwalimu wako mpango huu. Akikataa na kusisitiza kumbeba, tafuta mwalimu mwingine, maana hofu hii ikikomaa huenea mpaka kwenye daraja na kilima.

Kwenye viunzi mambo ni mepesi zaidi, ila kuna kosa moja ninaloliona kila mahali. Mbwa mkubwa kati ya kiunzi na kiunzi anapiga hatua chache tu. Mdogo anapiga nyingi. Mwongozaji anaona kuna muda, anageuka mapema kuonyesha kiunzi kinachofuata, na mbwa aliyekuwa bado hajaruka anamfuata, anakiacha kiunzi. Mwamuzi anahesabu kukataa. Subiri mpaka uone ameinua kifua kuruka, ndipo ugeuke. Faida ya mbwa mdogo ni kwamba unaweza kufika mbele yake, ukabadili upande kabla hajafika, jambo ambalo wenzako wenye border collie wanaliota tu. Itumie. Ila usisimame ghafla mbele yake, kwa sababu yeye ndiye atakayeumia.

Anasoma miguu na magoti yako, mkono ulioinuliwa juu ya bega haumfikii. Mikono ishuke, magoti yakunjike, kiuno kisikunjike. Ukimwinamia kutoka juu, anaona kitu kikubwa kikimwangukia, atapunguza mwendo. Nguzo za kupenyapenya, 6 katika ngazi ya mwanzo na 12 za juu, ziko sentimita 60 kutoka moja hadi nyingine kwa mbwa wa kimo chochote. Mbwa mkubwa lazima ajipinde katikati yake. Pilipili ana nafasi ya kutosha, tatizo lake litakuwa kasi tu, na kasi inakuja kwa zawadi inayorushwa mbele baada ya nguzo ya mwisho. Kuhusu nyasi, kagua urefu wake. Nyasi zisizomsumbua mbwa mwingine zinamkwangua yeye tumboni, na zikiwa na umande atakataa kukimbia. Kumbi za ndani zenye mpira au nyasi bandia zinamfaa zaidi.

Kabla ya hayo yote, mpeleke kwa daktari wa mifugo amkague magoti. Mbwa wadogo, chihuahua na terrier wadogo wakiwemo, wana tatizo la pia ya goti kuteguka na kurudi. Dalili yake unaweza kuwa umeiona ukaidhania mchezo: anakimbia, ghafla anakunja mguu mmoja wa nyuma hatua 3 au 4, kisha anaendelea kama hakuna lililotokea. Madaktari hulipanga kwa madaraja 4. Wapo wanaoshindana wakiwa na daraja la kwanza kwa ruhusa ya daktari. Daraja la juu linahitaji matibabu, na viunzi visubiri. Meno pia yaangaliwe, sababu mbwa anayeumwa jino hachukui zawadi na watu husema hana hamu.

Uzito ndio dawa ya bei nafuu kuliko zote. Gramu 400 za ziada kwa mbwa wa kilo 4 ni kama kilo 7 kwa mtu wa kilo 70, na anaruka nazo. Ukipapasa mbavu zake uzisikie kwa urahisi. Mbwa wa uzito huu hahitaji zaidi ya kalori 250 au 300 kwa siku, kwa hiyo zawadi za mazoezi zikatwe zilingane na punje ya choroko, na chakula cha jioni kipunguzwe kwa kiasi hicho. Tumbo lake likijaa, darasa limekwisha. Dakika 3, mara kadhaa kwa siku, zinamfaa kuliko nusu saa.

Kwenye ukumbi wa mashindano, hofu yangu kubwa kwa mbwa wa kimo hiki ni mbwa wengine. Mbwa mkubwa aliyesisimka na anayependa kukimbiza anaweza kumwona kitu kidogo kinachokwenda mbio kama windo, hata kama nyumbani ni mpole. Weka kreti lake, yaani kizimba chake cha kupumzikia, pembeni, si njiani, ulifunike kwa shuka au khanga pande tatu. Usikubali mbwa wasalimiane pua kwa pua mlangoni. Penye msongamano mbebe, na asikuambie mtu kwamba unamdekeza. Ila mshushe mapema, mbali kidogo na lango la uwanja, anyooshe miguu, anuse, akojoe panaporuhusiwa, atembee nawe kidogo. Mbwa anayetoka mikononi moja kwa moja hadi kibao cha kwanza anaingia akiwa amelala.

Kwa kuwa ni chotara, utamwandikisha AKC kupitia programu yao ya Canine Partners. Chotara wanashindana huko tangu 2010, bega kwa bega na mbwa wenye vyeti vya ukoo. Kwa ajiliti atapimwa kimo, basi mzoeze mapema kusimama wima juu ya meza huku mtu mgeni akimgusa begani na kitu kigumu. Mbwa wengi wadogo hujikunyata wakipimwa, na inakera kuona siku imeharibika kwa jambo linalofundishika sebuleni.

Umri haujampita. AKC inaruhusu rali kuanzia miezi 6 na ajiliti kuanzia miezi 15. Upande wa juu hakuna kikomo. Mbwa wa kimo chake mara nyingi hufika miaka 12, 14 na zaidi, kwa hiyo miaka 5 ni katikati ya nguvu zake. Akifika 9 au 10, au daktari akisema viunzi vishushwe, mhamishie Preferred, aruke inchi 4. Baadaye viunzi vyote vikikataliwa, Novice na Intermediate za rali bado zinamsubiri, na nje ya AKC kuna shirika jingine la rali, World Cynosport Rally, linaloruhusu hata zawadi ya chakula uwanjani kwa masharti yake.

Kabla ya kulipa ada ya kwanza, nenda ukatazame shindano moja la rali bila Pilipili. Fika mapema uone wanavyotembelea njia bila mbwa, kaa karibu na uwanja wa Novice, tazama watu wenye mbwa wa kimo chake, na ukimwona anayetembea na mbwa aliyegandana na kifundo cha mguu, msubiri amalize na kumlisha, kisha muulize alivyofundisha. Watu wa mchezo huu hupenda sana kuulizwa.